Mtoto wa paka mjini Goma: hatua kwa hatua, kuanzia boksi la kwanza hadi mlango wa parseli

Maswali yanayonifikia ni mawili, na hayaishi. La kwanza linakuja wiki ya kwanza: “Yaya, nilimpa maziwa tu, mbona anaharisha hivi?” La pili linakuja miezi mitatu au minne baadaye: “Alitoka usiku, mpaka leo hajarudi.” Anayeuliza la kwanza, tukiwahi, paka wake anapona. Anayeuliza la pili mara nyingi alikwishakosea siku aliyompokea, maana hakuwahi kuamua kama huyu atakuwa paka wa ndani au wa nje. Alingoja mlango uamue.

Haya ni kwa mtu wa hapa Goma, mwenye nyumba ya mbao au ya matofali na mfuko wa kawaida. Hakuna cha kuagiza Ulaya.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hajafika

- Boksi la katoni lenye kuta ndefu, na vikwembe (vitenge) vizee viwili au vitatu.
- Chupa ya plastiki yenye kifuniko kinachofunga vizuri, ya kutia maji ya moto.
- Bidon la njano la lita 20, likatwe kwa urefu: hicho ndicho choo.
- Mchanga laini, au vumbi la mbao kutoka kwa seremala.
- Sahani mbili nzito, moja ya maji na moja ya chakula, zisizopinduka akizikanyaga.
- Kitana cha chawa, kile chenye meno yaliyobanana.
- Kopo tupu la maziwa ya unga, lenye kifuniko. Kazi yake utaiona baadaye.
- Kikapu chenye kifuniko cha kumbebea. Si cha kwendea kwa veterineri (daktari wa wanyama) peke yake. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na baadaye tukaambiwa tuhame, walioweza kutoka na paka zao ni wale waliokuwa na kitu cha kuwafungia. Paka aliyeogopa habebwi mkononi juu ya pikipiki.
- Namba ya veterineri uliyempigia kabla, ukamuuliza kama ana chanjo za paka. Wengi wanatibu ng’ombe, mbuzi na mbwa, na chanjo za paka hawana kila siku.

## Hatua ya 1: Hakikisha umri kabla ya kumpokea

Mtoto wa paka aachishwe mama akiwa na wiki 8 kwenda juu. Maziwa ya mama yanampa kinga, na mama ndiye anayemfundisha kunawa, kufukia kinyesi, na kujua kwamba kuuma kunaumiza.

Anayetaka kumwondoa nyumbani kwake atakuambia “ana miezi miwili huyu” hata kama ana wiki tano. Usibishane naye, mwangalie paka. Macho ya buluu ya utotoni huanza kubadilika karibu na wiki ya 6 au ya 7. Yakiwa bado ya buluu kabisa, ni mdogo. Wa wiki 8 anakimbia bila kuyumba, meno yake ya utoto yote yametoka, na anakula peke yake. Kwenye mizani ya dukani anakaribia gramu 800 au 900. Akiwa na gramu 400, huyo ana mwezi mmoja tu. Mrudishe kwa mama yake umngoje.

Kama mama amekufa na mtoto ana chini ya wiki nne, hiyo ni kazi nyingine kabisa, ya kuamka usiku kama una mtoto mchanga. Kwa kifupi: mpe joto kwanza, chakula baadaye, kwa sababu aliyepoa hawezi kusaga kitu tumboni. Anyonye akiwa amelala kifudifudi, asilazwe chali kama mtoto wa mtu, maziwa yataingia mapafuni. Baada ya kila mlo pangusa sehemu zake za haja kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu mpaka akojoe. Kabla ya wiki tatu hawezi mwenyewe. Na umtafute veterineri siku hiyohiyo akuelekeze maziwa ya kumpa.

## Hatua ya 2: Chumba kimoja, joto na kimya

Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Wewe unajifunika blanketi usiku, na nyumba ya mbao inapitisha upepo kwenye kila mwanya. Kiumbe wa gramu 800 aliyezoea kulala katikati ya ndugu zake wanne anaisikia baridi hiyo kuliko wewe.

Weka boksi kwenye kona isiyo na upepo, juu ya kipande cha mbao au gunia, si juu ya sakafu tupu ya saruji. Tia maji ya moto kwenye chupa, ifunge, izungushie kikwembe mara mbili, uilaze upande mmoja wa boksi. Upande wa pili uache bila chupa, ili akisikia joto limezidi ahamie huko.

Usimlaze karibu na mbabula (jiko la makaa), wala usiingize makala (makaa) yanayowaka kwenye chumba kilichofungwa ili “apate joto.” Hewa ya makala inaua watu wazima wamelala, sembuse yeye.

Siku tatu za kwanza akae chumba hicho kimoja. Atajificha chini ya kitanda, mwache. Watoto wasimvute mguu kumtoa. Kaa chini, soma, piga simu yako, atakuja mwenyewe kunusa vidole. Siku anapolala katikati ya chumba, tumbo juu, ujue amekubali kwamba hapa ni kwao. Kuna anayefika huko siku ya pili, na yuko niliyemngoja siku tisa.

## Hatua ya 3: Chakula, na ile habari ya maziwa

Maziwa ya ng’ombe si chakula cha paka. Akikua anapoteza uwezo wa kusaga sukari iliyo ndani ya maziwa, sukari inabaki tumboni, inavuta maji, anaharisha. Kwa mtu mzima kuharisha ni taabu. Kwa mwenye gramu 800 ni siku mbili tu mpaka macho yanazama. Kinywaji chake ni maji safi, yabadilishwe kila siku.

Kosa la pili ni bugali na mchuzi. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake unahitaji kirutubishi kiitwacho taurini, nacho hakimo kwenye mahindi wala muhogo. Akikikosa kwa muda mrefu, macho na moyo vinaharibika. Bugali kidogo ya kuongeza wingi haitamuua. Bugali ikiwa ndiyo chakula chenyewe, utakuwa na paka mwenye tumbo kubwa na mgongo wa mifupa.

Sisi watu wa ziwa hatuna kisingizio, sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wapo. Mimi nafanya hivi: nawanunua asubuhi sokoni Kituku, mitumbwi ikiwa imerudi, nawaosha, nawatia kwenye sufuria na maji yanayowafunika tu, bila chumvi, bila kitunguu, bila pilipili. Yakichemka nahesabu dakika tano. Samaki wanalainika mpaka ukiwaminya kati ya vidole viwili, mwiba mdogo unavunjika kama unga. Hapo ndipo pazuri: anawala wazima na mifupa yao, anapata kalsiamu ya kujenga mifupa yake. Ule mchuzi usiumwage, taurini nyingine imehamia humo. Mpe pamoja na samaki, ukiwa umepoa.

Kwa nini kupika? Aina kadhaa za samaki wabichi zina kitu kinachoharibu vitamini B1, na moto unakiondoa. Kwa nini bila kitunguu? Kitunguu na kitunguu saumu vinavunja damu ya paka, hata vikiwa vimepikwa. Kwa hiyo mabaki ya sosi yako, hata yakinukia vipi, si yake.

Samaki peke yake kila siku haitoshi. Siku nyingine mpe moyo wa ng’ombe uliokatwa vipande vidogo na kuchemshwa, au utumbo wa kuku, au yai la kuchemsha. Ini kidogo mara moja kwa wiki, si zaidi. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa, inapasuka kama vijiti vyenye ncha. Ndagala (dagaa) wa chumvi waloweke, umwage maji hayo, ndipo upike.

Milo ni minne kwa siku mpaka miezi minne, mitatu mpaka miezi sita, kisha miwili. Na kila unapompa, tikisa lile kopo ambalo umetia sambaza wachache waliokauka. Kwa-kwa-kwa, halafu sahani. Usiruke hata siku moja.

Mpime kila wiki kwenye mizani ileile. Katika miezi ya mwanzo anaongeza karibu nusu kilo kwa mwezi. Siku nzima bila kula, kwa mtoto wa paka, ni dharura; usingoje kesho.

## Hatua ya 4: Choo

Bidon lililokatwa lina kingo kali. Zipitishe kwenye moto kidogo mpaka zijikunje, au uzifunike kwa mkanda wa gundi. Ukuta wa mbele uwe wa kimo cha vidole vinne, aweze kuingia.

Tia mchanga wa kimo cha vidole vitatu. Changarawe ya volkano iliyotapakaa kila parseli (kiwanja cha nyumba) haifai, inakata nyayo laini. Majivu ya makala pia siyapendi: yakilowa yanachoma ngozi, na paka anayalamba anaponawa miguu. Vumbi la mbao ni zuri, ila chunguza asilile.

Mweke chooni kila baada ya kula na kila anapoamka. Akichafua kona nyingine, usimsukumie pua kwenye uchafu. Hajifunzi kitu hapo zaidi ya kukuogopa. Safisha, kisha hamishia choo kwenye kona aliyoichagua yeye. Wengi wanashika ndani ya siku tatu.

Kinyesi kitolewe kila siku. Vijidudu vya toksoplasma, vinavyotoka kwenye kinyesi cha paka na vinavyoweza kudhuru mimba, vinahitaji siku moja au zaidi nje kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo anayesafisha kila siku anavikata mapema. Mama mwenye mimba asiifanye kazi hii, mtu mwingine amsaidie.

## Hatua ya 5: Minyoo, viroboto, chanjo, na kidonge kinachoua

Karibu watoto wote wa paka wana minyoo, wanaipata kwenye maziwa ya mama. Tumbo limevimba kama mpira na mgongo umekonda? Ni hiyo. Dawa hutolewa kwa uzito, mara mbili kwa kupisha wiki mbili, halafu kila mwezi mpaka miezi sita. Veterineri apime, usikisie kwa jicho.

Viroboto wapitie na kitana cha chawa kila jioni, na unaowakamata uwazamishe kwenye maji ya sabuni. Usicheke, viroboto wengi wanaweza kumaliza damu ya mtoto wa paka. Mfungue mdomo: ufizi uwe wa waridi. Ukiwa mweupe kama karatasi, beba kikapu uende. Na dawa ya kuogeshea mbwa au ng’ombe usimpake. Baadhi zina permetrini, ambayo paka anakufa nayo akitetemeka.

Chanjo ya typhus (ugonjwa wa tumbo unaoua paka) na coryza (mafua ya paka), kama veterineri wetu wanavyoziita kwa Kifaransa, huanza wiki ya 8, inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka karibu wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa, rage, huanza miezi mitatu na kurudiwa baada ya mwaka. Kama pesa inatosha moja tu na paka wako atatoka nje, veterineri wengi watakuambia rage, na mimi pia. Hiyo inamlinda yeye na watoto wako.

Sasa kidonge. Paka ana homa, mtu anavunja robo ya paracetamol, anaisaga, anampa na maji, kwa upendo kabisa. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Ndani ya saa chache ufizi unageuka rangi ya kahawia au buluu, uso unavimba, anahema kama amekimbia. Kiasi cha kupunguza homa ya mtoto wako kinatosha kumuua paka mzima. Usimpe hata punje. Nimezika mmoja kwa ajili hiyo, na aliyempa ni mimi.

## Hatua ya 6: Mikono, watoto na uzi

Usicheze naye kwa vidole. Leo ni kichekesho. Akiwa na kilo tatu na nusu atakungoja mlangoni arukie mguu wa mgeni. Funga kitambaa kwenye kijiti, akimbizane nacho.

Ukimaliza, kifiche. Uzi wa mshonaji na nywele za kusukia, zile meshi, ni hatari kuliko mbwa wa jirani. Ulimi wa paka una miiba inayoelekea nyuma: akianza kumeza uzi hawezi kuutema, unashuka mpaka kwenye utumbo na kuukunja kama kamba ya suruali. Ukiuona umetokeza nyuma, usiuvute, utampasua ndani. Kama nyumbani mnasuka au mnashona, fagieni kabla ya kumfungulia chumba.

## Hatua ya 7: Uzazi kwanza, mlango baadaye

Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne, na baada ya siku 63 hadi 65 unatafuta nyumba za watoto watano. Dume asiyehasiwa ataondoka kutafuta majike, atapigana, atarudi na sikio lililochanika, au asirudi.

Operesheni ya kumfunga uzazi ifanyike kati ya miezi minne na sita. Wanaosema lazima jike azae mara moja kwanza “ili atulie” wanasema la mazoea, halina msingi. Kabla ya operesheni, mlango ubaki umefungwa.

## Hatua ya 8: Ndani au nje? Zunguka parseli yako kwanza

“Paka ni wa nje” ni neno la mtu ambaye hajaangalia nje yake. Toka saa kumi na mbili jioni, zunguka parseli na nyumba tatu za kila upande, ujibu haya.

Nani anatega dawa ya panya? Mjini hapa inapita mikononi mwa wachuuzi kila siku. Panya aliyekula sumu anatembea polepole, na paka anamkamata huyo kwanza. Nenda kwa majirani, uliza kwa adabu: “Mama, karibuni mmetega dawa?” Jibu likiwa ndiyo, huyu ni paka wa ndani. Sioni njia nyingine.

Mbwa wanafunguliwa saa ngapi? Mbwa wa ulinzi wanalala mchana, wanafunguliwa usiku. Ukuta wa mawe ya volkano paka anaupanda. Aliye chini upande wa pili ndiye shida.

Kuna mashimo yenye mazuku? Anayekaa magharibi ya mji, kuelekea Sake, analijua neno hili. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayojikusanya mabondeni usiku kusipokuwa na upepo. Mtu mzima anaweza kusimama hapo bila kusikia kitu, huku paka, mwenye pua shubiri moja kutoka ardhini, anaanguka asiamke. Ukiona wadudu au ndege waliokufa bila jeraha ndani ya shimo la mawe, swali lako limejibiwa. Wewe pia usiiname humo.

Barabara iko umbali gani? Mlangoni kukiwa na pikipiki na magari, usijidanganye kwamba atajifunza.

Majirani wanamwonaje? Paka mweusi akilia juu ya mabati saa nane usiku, wapo watakaosema ni mchawi, na mawe Goma hayatafutwi. Wapo pia wanaomtamani kwa ajili ya panya wao, na wanaomtamani kwa ajili ya sufuria. Mpeleke kwa majirani akiwa mdogo, wamshike, wajue ni wa kwako. Mfunge ukanda shingoni unaokatika kirahisi, asije akajinyonga kwenye msumari.

Hukumu yangu: usiku, ndani, kwa kila paka wa mji huu, bila ubaguzi. Mchana inategemea majibu yako. Parseli iliyofungwa, yenye majirani wanaosikia na isiyo na sumu, mwache atoke. Nyumba ya kupanga kando ya barabara Birere, abaki ndani. Na usinitajie panya: wa jikoni kwako wanakamatwa na paka wa ndani vizuri sana.

## Hatua ya 9a: Ukichagua ndani

Paka wa ndani asiye na kazi anachana kapeti. Mpe gogo lililozungushiwa kamba ya katani, refu kuliko yeye akijinyoosha. Mpe mahali pa juu: kabati, au ubao uliopigiliwa karibu na dirisha lenye wavu. Cheza naye kwa kijiti mara mbili kwa siku, dakika kumi kila mara, mojawapo jioni kabla ya chakula. Ziba mianya ya mbao inayopitisha ngumi yako. Kichwa chake kikipita, mwili unapita.

Atalia mlangoni wiki ya kwanza. Ukimfungulia mara moja “leo tu,” utakuwa umemfundisha kwamba kulia kunafungua mlango.

## Hatua ya 9b: Ukichagua nje mchana

Asitoke kabla ya miezi sita, chanjo na operesheni. Siku ya kwanza mtoe kabla ya mlo wake, akiwa na njaa, mvua ikiwa haipo. Acha mlango wazi nyuma yake, keti kizingitini. Dakika kumi, tikisa kopo, mpe chakula ndani, funga. Kesho dakika kumi na tano. Baada ya wiki mbili anaweza kutoka bila wewe kumfuata.

Kopo litikiswe kila siku kabla ya saa kumi na mbili jioni, giza halijaingia. Paka anayekuja mbio kutoka kwenye mabati ya jirani akisikia kwa-kwa-kwa, huyo yuko tayari. Anayekuja akijisikia tu, mpunguzie uhuru, rudi dakika kumi.

Akija na jeraha la kung’atwa, vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi. Na wewe ukiumwa au kukwaruzwa na mnyama usiyejua chanjo zake, osha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo kuuliza chanjo ya rage, hata kama jeraha ni dogo.

## Asiporudi

Usianze na mtaa wa mbali. Paka aliyeogopa hujificha karibu, ndani ya nyumba tatu au nne, chini ya mbao, kwenye stoo, ndani ya tangi tupu. Waombe majirani wafungue stoo zao, usiwaombe waangalie tu. Ngoja mji utulie, kama saa tano usiku ikiwa mtaa wenu una usalama, na uende na mtu mwingine. Mulika tochi chini, usawa wa ardhi, ukitafuta macho mawili yanayong’aa. Usiite jina lake kwa kelele. Tikisa kopo, nyamaza hesabu mpaka sitini, tikisa tena.